Mlevi Aliyemtafuta Mlevi Mwenzake

Sisi tufundishao historia tumezoea kuanza na wafalme na vita. Lakini lipo jambo moja kubwa lililoanzia penye simu ya hoteli, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani, mwezi wa Mei mwaka 1935.

William Wilson alikuwa mtu wa New York, mjuzi wa biashara ya hisa. Pombe ilimwondolea kazi, ikamwondolea fedha, ikamlaza hospitali mara kwa mara. Desemba 1934 alilazwa tena, na tangu hapo hakunywa. Akaanza kuwafuata walevi wengine na kuwahubiria. Alihubiri kwa miezi mitano, wala hakupata hata mmoja aliyedumu katika kuacha. Ila yeye mwenyewe hakurudi nyuma. Daktari wake, William Silkworth, alimshauri apunguze mahubiri, awaeleze watu kwanza jinsi ugonjwa wenyewe ulivyo.

Alikwenda Akron kwa shauri la biashara, na shauri likaharibika. Akabaki katika Hoteli Mayflower, mgeni asiyejuana na mtu. Upande mmoja wa ukumbi palikuwa na baa, na vicheko vya wanywaji vikisikika. Upande wa pili palikuwa na simu pamoja na orodha ya makanisa ya mji. Msomaji asidhani kuwa hatua zile chache zilikuwa nyepesi. Wilson alitambua wakati ule kwamba mahubiri yake, ingawa hayakuwaponya wengine, yalikuwa yakimlinda yeye. Kwa hiyo alihitaji mlevi wa kuzungumza naye, tena upesi. Alimpigia simu kasisi mmoja, akapewa majina, akayafuata moja baada ya moja bila ya kufanikiwa, mpaka akampata bibi aitwaye Henrietta Seiberling. Bibi huyo alikuwa akimjua daktari mpasuaji, Robert Smith, ambaye ulevi ulikuwa karibu kummaliza.

Walikutana Jumapili, tarehe 12 Mei, saa 11 jioni. Smith alikuja kwa kumridhisha mkewe, akasema atakaa dakika 15 tu. Walipoagana ilikuwa imekwisha kupita saa 5 usiku.

Kitu gani kilichomshika? Maonyo alikuwa ameyasikia mengi, na kwa kuwa alikuwa daktari, madhara ya pombe aliyajua kuliko wengi waliomwonya. Alikuwa pia akihudhuria kikundi cha dini, na bado akinywa. Jioni ile hakuonywa. Mgeni alizungumza habari zake mwenyewe: alivyoficha chupa, alivyoapa na kuvunja kiapo. Smith alieleza baadaye kwamba huyo ndiye mtu wa kwanza aliyezungumza naye juu ya ulevi kwa kuujua kwa kuupitia.

Hata hivyo Smith alianguka tena. Alikwenda Atlantic City kwenye mkutano wa madaktari, akarudi amelewa. Kinywaji chake cha mwisho husemwa kuwa alikunywa tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa chama chao. Mwezi huo huo walikwenda pamoja hospitali ya mji kumtazama mwanasheria mmoja mlevi, naye akaacha. Wakawa watatu. Mwaka 1939 walitoa kitabu, na chama kikachukua jina lake: Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina.

Yafaa kukumbuka kuwa hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1840 wanywaji sita wa Baltimore waliapa kuacha, wakaunda Chama cha Washington, kikavuta maelfu kwa maelfu; Abraham Lincoln mwenyewe alikihutubia huko Springfield mwaka 1842. Lakini kiliingia katika mabishano ya siasa na sheria za pombe, na baada ya miaka michache kilikuwa kimefifia. Chama cha Akron kilipoidhinisha kanuni zake mwaka 1950, kilikataa kabisa kutoa rai juu ya mambo ya nje. Kwa maoni yangu, kanuni hiyo ndiyo iliyokipa umri mrefu.

Leo vikao hivi viko katika nchi nyingi, na Kenya pia ipo. Hapa kwetu, ambako sheria ya mwaka 2010 iliruhusu hata chang'aa kwa masharti, kupata chupa ni rahisi kuliko kupata kikao. Na anayejua mahali kilipo huzuiwa na haya: nani ataniona nikiingia? Katika mji mdogo swali hilo si la kipuuzi. Ndiyo maana hakuna daftari la majina wala ada ya kuingia. Sharti ni moja, mtu atake kuacha pombe. Vipo vikao vya wazi, ambavyo hata jamaa wa mlevi huweza kuhudhuria, na vya faragha, vya walevi wenyewe tu. Mgeni huketi apendapo, aghalabu karibu na mlango. Wenzake hujitaja kwa jina moja, wakasimulia kwa zamu, wala msimulizi hakatizwi. Zamu yake ikifika, akitaka husema. Asipotaka, hutikisa kichwa, na anayefuata huanza.