Mwenye Kuonyesha Njia ya Chuo: Washauri wa Masomo na Watoto wa Kilatino wa Marekani

Natumaini kila darasa limekwisha kukaa, na madaftari yamefunguliwa. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya: mshauri wa masomo. Ninyi wanafunzi yasomeni pamoja naye, silabi kwa silabi. Nitangoja kidogo.

Vema. Mshauri wa masomo ni mtu aliyewekwa shuleni, si kwa kufundisha hesabu wala kuandika, bali kwa kumwambia mwanafunzi achukue masomo gani, afanye mtihani upi, na akimaliza shule aende wapi. Leo nitawasimulia historia ya kazi hiyo katika nchi ya Marekani, hasa kwa watoto wa Kilatino. Walatino ni watu ambao asili yao ni Mexico, Puerto Rico, Cuba na nchi nyingine za upande ule, ambazo nyingi husema Kihispania. Wengine ni wageni wa juzi. Wengine babu zao walikuwapo Texas na California kabla sehemu hizo hazijawa za Marekani. Watu wa Puerto Rico wao ni raia wa Marekani tangu mwaka 1917. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 Walatino walikuwa milioni 62, yaani karibu mtu mmoja katika kila watu watano wa nchi ile.

Huenda mtu akauliza: mshauri ana nguvu gani? Mwalimu ndiye anayefundisha, na mtoto ndiye anayefanya mtihani. Swali hilo ni zuri, na jibu lake ndilo shina la somo letu.

Marekani shule ya sekondari ni ya miaka minne, na watoto wa shule moja hawasomi masomo yale yale. Tuchukue mfano wa vijana wawili, majirani, waliokwenda kuandikishwa siku moja. Wa kwanza akapangiwa hesabu za aljebra tangu mwaka wa kwanza, na baada yake jometri, sayansi na Kiingereza cha insha. Wa pili akapangiwa hesabu za dukani na kazi ya kuchomelea vyuma. Au akiwa msichana, kushona na kupiga taipu. Wote wawili wakafanya bidii, wote wakamaliza, wote wakapewa cheti cha shule ile ile. Ndipo yule wa pili akaandika barua ya kuomba chuo kikuu, akajibiwa kwamba hawezi kupokelewa, kwa sababu chuo hakiulizi cheti peke yake. Kinauliza pia alisoma nini mwaka baada ya mwaka. Nani alimpangia? Ni mtu aliyekaa mezani na karatasi, miaka minne nyuma, naye huenda alizungumza naye kwa dakika kumi. Baba na mama hawakuambiwa kitu, au waliletewa karatasi ya Kiingereza wasiyoweza kuisoma. Ninyi mnaojifunza kusoma mkiwa watu wazima mnajua vema karatasi ya namna hiyo ina uzito gani ikifika nyumbani.

Sasa turudi nyuma. Kazi hii ya kushauri vijana ilianzishwa mjini Boston mwaka 1908 na Bwana Frank Parsons. Nia yake ilikuwa njema: kuwasaidia vijana maskini wa mjini wapate kazi zinazowafaa. Lakini kumbukeni kwamba ushauri ulianza kuwa ushauri wa kazi za mikono na za ofisini. Habari za chuo zilikuja baadaye.

Wakati huo, na kwa miaka mingi baadaye, watoto wengi wa Kimexico huko California na Texas walisomea shule zao mbali na Wazungu. Wakati wa vita kuu ya pili shangazi mmoja aliwapeleka watoto wake na watoto wa ndugu yake kuandikishwa katika shule ya Westminster, California. Watoto wake, waliokuwa weupe zaidi na wenye jina lililosikika kama la Kifaransa, walikubaliwa. Wale wengine, watoto wa Bwana Gonzalo Mendez na Bibi Felicitas Mendez, walikataliwa. Shangazi akawarudisha wote nyumbani. Bwana Mendez na wazazi wengine wakaenda mahakamani. Mwaka 1946 jaji akawapa haki, na mwaka 1947 mahakama ya rufani ikaithibitisha hukumu hiyo. Mwaka huo huo California ikafuta sheria zake za kutenga watoto shuleni.

Watoto wakaingia mlango mmoja. Je, walisoma mamoja? La. Ukuta uliobomolewa nje ulijengwa tena ndani, safari hii kwa kalamu. Huyu aljebra, yule kuchomelea vyuma.

Mwaka 1957 Warusi walirusha angani Sputnik, na Wamarekani wakashtuka. Mwaka 1958 Rais Eisenhower akatia sahihi sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa, na sheria hiyo ikatoa fedha za kupima akili za wanafunzi na kuwafundisha washauri katika mafunzo maalum ya vyuo vikuu. Hapo ndipo washauri walipoongezeka sana. Lakini walifundishwa kutafuta watoto hodari wa sayansi, tena wawatafute kwa mitihani ya Kiingereza. Mtoto anayesema Kihispania nyumbani akipimwa kwa Kiingereza, kinachopimwa ni nini? Mwaka 1970 jambo hili lilifika mahakamani California. Watoto tisa wa Kimexico walikuwa wamewekwa katika madarasa ya wenye upungufu wa akili. Walipopimwa tena kwa lugha yao, wengi wao walionekana hawana upungufu wowote. Tangu hapo ikakubaliwa kwamba mtoto apimwe kwa lugha anayoijua. Mimi hufikiri sana habari za wale watoto. Hakuna aliyekuwa na nia ya kuwadhulumu, kila mtu alifuata kitabu chake, na watoto wakapotea hivyo hivyo.

Wanafunzi wenyewe ndio waliopaza sauti. Mwezi wa Machi mwaka 1968, mashariki ya mji wa Los Angeles, maelfu ya wanafunzi wa sekondari walitoka madarasani wakaingia barabarani. Mwalimu mmoja, Bwana Sal Castro wa shule ya Lincoln, alikuwa upande wao. Walitaka walimu na wakuu wa shule wa asili yao, walitaka historia ya watu wao ifundishwe, na walilalamika kwamba wanasukumwa kwenye kazi za mikono hata wale wanaotaka chuo. Mwaka huo huo watu 13 walikamatwa, Bwana Castro akiwa mmoja wao. Baadaye mashtaka yalitupwa. Sisemi kwamba kazi ya mikono ni ya aibu; hapana, wengi wetu tunakula kwayo. Kilichowauma wale vijana ni kuchaguliwa bila kuulizwa.

Upande wa pili wa nchi, mjini New York, kulikuwa na mama mmoja aliyekwisha kuanza kazi miaka saba kabla ya hapo. Jina lake Antonia Pantoja. Alizaliwa Puerto Rico mwaka 1922, akawa mwalimu wa shule huko, akahamia New York mwaka 1944 na kufanya kazi kiwandani. Baadaye akasoma chuo, akahitimu mwaka 1952. Mwaka 1961 alianzisha chama kinachoitwa ASPIRA, neno la Kihispania lenye maana ya kutamani kufika juu. Vijana walikusanywa katika vilabu shuleni mwao, wakajifunza historia ya kwao, wakafundishwa kuongoza mikutano, wakapelekwa kuviona vyuo kwa macho, na wakapewa washauri waliojua lugha ya mama zao. Yeye hakungoja mshauri wa shule abadilike. Aliwatengeneza wengine. Chama hicho ndicho kilichoishitaki idara ya shule ya New York, na mwaka 1974 pakawa na mapatano ya kuwafundisha kwa Kihispania pia watoto wasiojua Kiingereza vema. Bibi Pantoja alipewa nishani kubwa ya Rais mwaka 1996, akafariki mwaka 2002.

Serikali nayo ikaingia. Kati ya mwaka 1964 na 1968 iliweka mipango ya kuwatafuta vijana maskini wa kila kabila, kuwafundisha wakati wa likizo, na kuwasaidia wakiwa chuoni. Hayo tuyapite, maana nataka tukae kidogo na habari ya Chabot.

Chabot ni chuo cha miaka miwili katika mji wa Hayward, California. Mwanafunzi akimaliza vizuri hapo anaweza kuhamia chuo kikuu. Lakini Walatino wengi waliingia Chabot na hawakuhama. Walikwama. Mwaka 1981 watu wawili, mshauri Bwana Felix Galaviz na mwalimu wa Kiingereza Bibi Patricia McGrath, waliketi wakasoma kumbukumbu za masomo za wanafunzi zaidi ya 2,000. Wakaona mambo matatu: wanafunzi hawa walikuwa hawaendi kwa washauri, walikuwa hawachukui darasa la kuandika la kiwango cha chuo, na walikuwa wa kwanza kwenda chuo katika jamaa zao.

Angalieni jambo la kwanza. Kwa nini hawaendi kwa mshauri? Mtu aliyeng'atwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wengi walikwisha kuonana na washauri sekondari, na waliyoyasikia hayakuwafanya watamani kurudi. Basi Bwana Galaviz na Bibi McGrath hawakubandika tangazo la kuwaita. Mshauri aliingia mwenyewe darasani. Mwalimu na mshauri wakashika darasa moja pamoja. Wanafunzi wakaandika insha za mitaa yao na jamaa zao. Na watu wazima wa Kilatino wenye kazi zao wakaombwa wawe walezi wa vijana hao. Mshauri alikaa na wanafunzi wale wale mpaka wahamie chuo kikuu. Mpango huo ukaitwa Puente, yaani daraja. Mwaka 1993 ukaanza pia katika shule za sekondari. Kwa somo letu lililo kubwa ni hili: mwalimu na mshauri hufundishwa pamoja kabla ya kupewa darasa.

Wanafundishwa nini? Jambo moja ni jamaa. Kijana wa Kilatino akiambiwa juu ya chuo cha mbali hujibu mara nyingi, "Nitamwuliza mama." Mshauri wa zamani aliandika: hana msimamo. Mshauri aliyefundishwa humwita mama, huweka mkutano jioni baada ya kazi, huongea Kihispania, na kwanza hueleza gharama, maana ndizo zinazomkosesha baba usingizi. Fomu ya serikali ya kuomba msaada wa fedha huijaza pamoja nao, mstari kwa mstari.

Jambo jingine ni sheria. Mwaka 1982 mahakama kuu ya Marekani ilisema mtoto asinyimwe shule ya umma kwa sababu hana karatasi za uhamiaji. Lakini hukumu hiyo haikufika chuoni. California ilitunga sheria mwaka 2001 kwamba kijana aliyesoma na kumaliza sekondari zake alipe ada ya mwenyeji, hata kama hana karatasi. Majimbo mengine yana desturi nyingine, na sheria hizo hubadilika. Mshauri asiyezijua aweza kumwambia kijana, "Wewe huwezi," na kijana asirudi tena.

Na idadi je? Chama cha washauri wa shule wa Marekani husema mshauri mmoja awe na wanafunzi 250. Kwa nchi nzima idadi imezidi hapo, na katika shule za maskini huzidi sana. Hata hivyo mambo yamesogea. Mwaka 1990, katika kila vijana wa Kilatino 100 wenye umri kati ya miaka 16 na 24, wapatao 32 hawakuwa shuleni wala hawakuwa na cheti cha sekondari. Kufika mwaka 2019 walikuwa kama 8. Washauri peke yao hawakuleta hayo. Wazazi walikwenda mahakamani na watoto barabarani.

Sasa mwalimu wa darasa, futa ubao uandike maneno mapya: cheti, fomu, gharama, rufani, daraja. Kila mwanafunzi ayanakili mara tatu. Kisha zungumzeni swali hili: mzazi akiletewa karatasi ya kumpangia mtoto masomo, aulize mambo gani kabla ya kutia sahihi? Andikeni majibu mawili, yawe mafupi, mlete juma lijalo. Kwaherini.