Gorila wetu hayuko tena katika zuu za Ulaya na Amerika



Ukiingia leo katika zuu ya San Diego, kule Marekani, utakuta gorila. Ukiingia zuu ya Antwerp, Ubelgiji, ile iliyo kando kabisa ya gare ya treni, utakuta pia gorila. Lakini hao si wa huku kwetu. Ni gorila wa magharibi, asili yao Gabon, Kameruni na Kongo-Brazzaville. Gorila wa mashariki, yule wa Kahuzi, wa Walikale, wa Maiko na wa Lubero, hakuna tena. San Diego walikuwa naye, leo hawana. Antwerp walikuwa naye, leo hawana. Na mtu asifikiri ni mnyama mmoja mwenye majina mawili: wanasayansi wanawahesabu kama spishi mbili.

Ukisikia hivi haraka haraka, utasema ni mambo ya wazungu na mazuu yao. Mimi nilisoma agronomia, na lisansi yangu niliifanya juu ya mbegu za maharagi. Mtu wa mbegu akisikia kwamba aina fulani haiko tena fasi nyingine yoyote, anauliza swali moja: basi akiba iko wapi? Ndiyo sababu naandika hii historia.

Tuanze na Lubero. Mwaka 1930, bwana na bibi mmoja wa Marekani, Martin na Osa Johnson, walikuwa wanatembea Afrika na kamera zao kutengeneza filamu. Katika Kongo ya Wabelji walipata ruhusa ya kukamata gorila. Walienda katika milima ambayo wao waliandika «Alumbongo». Wale wa Lubero mmeshaelewa: ni Alimbongo yetu, kwenye barabara ya kwenda Kirumba. Kule walikamata gorila wawili wangali watoto. Filamu yao, Congorilla, ilitoka mwaka 1932 na ilionyeshwa sana. Wale watoto wawili waliuzwa kwa zuu ya San Diego, wakafika mwezi wa kumi 1931. Mmoja aliitwa Mbongo, mwingine Ngagi. Hata majina yametoka huku: wanaosema Kinyarwanda wanajua kwamba gorila ni ingagi.

Walifika wakijulikana kama dume na jike, watu wakangojea watoto. Kumbe wote wawili walikuwa madume! Tena waliwaita gorila wa mlima, sawa na wale wa Virunga, na mtaalamu C. R. Carpenter aliandika utafiti wake juu yao mwaka 1937 kwa jina hilo hilo. Baadaye ndipo ilionekana kwamba ni wa aina ya Grauer, gorila wa nyanda za chini za mashariki, ambaye Mjerumani Paul Matschie alimpa jina hilo mwaka 1914.

Kwa upande wa chakula hawakuteswa. Mkubwa wa zuu wakati ule alikuwa mwanamke, Belle Benchley, na aliwapenda sana. Walikula, wakakua, wakapita kipimo. Kila mmoja alipita kilo 270, wakati dume wa porini kwa kawaida hafiki hata kilo 220. Watu walipanga mstari kuwatazama. Lakini sisi tuliosoma mifugo tunajua kwamba kunenepesha ni kitu kimoja na kuzalisha ni kitu kingine. Ng'ombe wawili madume unaweza kuwalisha mpaka wajae zizi, mwisho wa mwaka bado ni wawili.

Mbongo alikufa mwezi wa tatu 1942. Kilichomuua ni kuvu wa udongo. California iko na udongo mkavu wenye kuvu anayeitwa koksidioide. Upepo ukipeperusha vumbi, mbegu zake ndogo sana zinaingia katika mapafu. Watu wa kule wanaugua pia, wanauita homa ya bonde. Huku kwetu kuvu huyo hayuko. Mnyama wa mlima wa mvua, ambaye mababu zake wote walivuta hewa ya mianzi na majani mabichi, alikufa kwa vumbi la nchi kavu. Ngagi alimfuata mwezi wa kwanza 1944. Hakuna aliyeacha mtoto. Leo San Diego iko na sanamu zao za shaba, na gorila hai wa kule ni wa magharibi.

Sasa, mtu anaweza kusema: ni bahati mbaya tu, wangeleta jike na dume. Hapo ndipo historia inakuwa nzito. Gorila mdogo hakamatwi kwa kuvizia tu. Familia inamlinda. Dume mkubwa anasimama mbele, mama hamwachi mtoto. Mwaka 1969, zuu ya Cologne, Ujerumani, ilitaka gorila wa mlima kutoka Rwanda. Watoto wawili walikamatwa, wakapelekwa kwanza kwa Dian Fossey wakiwa wagonjwa sana. Aliwatunza, akawapa majina Coco na Pucker. Aliandika pia juu ya gorila wakubwa waliouawa ili hao wawili wapatikane: walipita kumi. Coco na Pucker walipona, wakapelekwa Cologne, wakaishi karibu miaka tisa, wakafa wote wawili mwaka 1978. Piga hesabu mwenyewe: zaidi ya kumi na wawili walitoka msituni, na leo hakuna hata mjukuu mmoja.

Kwa gorila wa magharibi mambo yalienda tofauti. Tarehe 22 mwezi wa kumi na mbili 1956, katika zuu ya Columbus, Marekani, alizaliwa gorila wa kwanza ndani ya zuu, jike aliyeitwa Colo. Aliishi mpaka 2017, akaacha watoto, wajukuu na vitukuu. Toka hapo mazuu yalijifunza kuzalisha, na leo wako na mamia bila kuchukua tena msituni. Wa kwetu walikuwa wachache mno, wametawanyika mmoja hapa wawili pale, ukoo haukuanza.

Halafu sheria ikaja. Mkataba wa CITES juu ya biashara ya wanyama na mimea iliyo katika hatari ulitiwa sahihi mwaka 1973, na Zaire iliingia mwaka 1976. Toka wakati huo kumtoa gorila kwa ajili ya biashara ni kosa. Wale waliobaki Ulaya walizeeka mmoja mmoja. Antwerp ndiyo iliyowashika mpaka mwisho. Katika miaka hii ya karibuni alikuwa amebaki jike mmoja, jina lake Amahoro, neno ambalo kwa Kirundi na Kinyarwanda ni amani. Alipokufa, hakuna aliyechukua fasi yake.

Kuna wanaofurahi, na mimi naelewa. Mnyama wetu hafungiwi tena kwenye sementi ili watoto wa mji mwingine wamrushie macho. Kukamata kulileta vifo, na kusimamishwa kwake ni haki kabisa. Lakini turudi kwa swali la mbegu.

Chukua mfano wa okapi. Yeye pia ni wa Kongo tu. Antwerp walimpata wa kwanza mwaka 1919, akafa baada ya muda mfupi. Walijaribu tena, wakajifunza, na leo okapi wanazaliwa katika mazuu mengi ya Ulaya na Marekani. Mwezi wa sita 2012, waasi walivamia kituo cha Epulu, wakaua watu, na okapi 14 waliokuwa pale wakaisha. Ilikuwa msiba. Lakini spishi ilibaki na mguu mwingine nje. Ni kama mkulima ambaye shamba lake limechomwa, lakini iko mbegu kidogo kwa shemeji yake.

Gorila wa Grauer hana shemeji. Wote, kila mmoja, wako Kongo, kati ya Itombwe, Kahuzi-Biega, Walikale, Tayna, Maiko na kipande cha Virunga. Hakuna nchi nyingine inayo hata kikundi kimoja porini. Wale wa Virunga upande wa volkano, ambao Rwanda na Uganda wako nao pia, ni wa aina ya mlima. Kwa hiyo benki ya mbegu ya mnyama huyu ni udongo wetu, na ulinzi wa benki hiyo ni sisi.

Na benki imeibiwa sana. Katika miaka ya 1990 watafiti walikadiria wako karibu 16 900. Halafu ikaja 1994 na kambi za wakimbizi, vita ya 1996, vita ya 1998, na mwaka 2000 bei ya koltani ikapanda, watu maelfu wakaingia msituni kuchimba, wakila nyama waliyoipata. Upande wa juu wa Kahuzi, gorila walikuwa karibu 250 mwaka 1996. Mwaka 2000 walihesabiwa 130. Mwaka 2016 makadirio ya nchi nzima yalishuka mpaka 3 800. Mwaka 2021 yakatoka mapya: 6 800. Msishangilie haraka: gorila hawakuongezeka mara mbili kwa miaka mitano. Ni kwamba watu waliweza kufika fasi ambazo zamani hazikufikika, hesabu ikawa nzuri zaidi. Maharagi unayapanda, miezi mitatu umevuna. Gorila jike anazaa mara ya kwanza karibu na miaka kumi, halafu mtoto mmoja kila miaka minne hivi. Hasara ya mwaka mmoja wa vita inalipwa kwa kizazi kizima.

Hapa wengine watasema: basi tufunge msitu, tuweke walinzi, watu watoke. Hilo lilishafanyika. Parki ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, ikapanuliwa 1975 kutoka kilomita za mraba 600 mpaka 6 000. Batwa waliokuwa wakiishi mule walifukuzwa bila fidia, na wazao wao mpaka leo wako pembeni ya parki, wengi bila shamba. Mwaka 2024, uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ulitangazwa: serikali yetu ilivunja haki zao. Mtu aliyenyang'anywa ardhi kwa jina la gorila, utamwombaje ampende gorila? Akiingia usiku kukata mti wa makala, anaona anachukua kilicho chake.

Kwa hiyo naona kazi hii haiishi kwa walinzi wenye bunduki. Iko pia mikononi mwa watu wa kazi yetu. Familia moja ya Bukavu au ya Butembo inapika kwa makala kila siku. Makala inatoka mti, na mti kama haukupandwa kwenye kilima cha kijiji utatoka parki. Maharagi ya kupanda juu yanahitaji vijiti. Vijiti vile vile, kama hakuna grevilea na kaliandra kando ya shamba, vinakatwa msituni. Hekta iliyochoka inamsukuma mkulima kutafuta udongo mpya, na udongo mpya uliobaki uko chini ya miti ya gorila. Mambo haya yote tuliyafundishwa darasani. Wengi wetu tuliandika TFC juu yake, tukaiweka kabatini.

Mwisho, habari moja ya kutia moyo, nayo inatoka Lubero vilevile. Kule Kasugho iko kituo kinachoitwa GRACE, kinachopokea watoto wa gorila walionyang'anywa kwa wawindaji na wafanyabiashara. Wanaishi msituni ndani ya uzio, pamoja, wakijifunza tena maisha ya kikundi. Mwaka 2024, majike wanne waliolelewa pale, Isangi, Lulingu, Mapendo na Ndjingala, walifunguliwa katika mlima Tshiaberimu, upande wa parki ya Virunga. Kule gorila walikuwa hawafiki hata kumi, kikundi kilikuwa kinakaribia kuzimika. Majike wale walipokelewa na dume wa porini.

Tshiaberimu na Alimbongo ziko katika teritware moja. Mwaka 1930 milima hiyo ilipoteza wawili wakaenda kuwa sanamu. Safari hii imepokea wanne, na kazi ya kila siku ya kuwalea ilifanywa na Wakongomani, wengi wao vijana wa Kasugho penyewe. Chini ya mlima ule wako wakulima wanaolima viazi, kabichi na maharagi mpaka kwenye mpaka wa parki. Wanahitaji mbegu nzuri, miti ya kuni na mtu wa kuwasikiliza. Nani kati yetu, wenye diploma na lisansi za agronomia tunaotafuta kazi Goma na Kampala, ameshafika kule kuwauliza?