Sumaku Iliyokosa Baridi

Siku kaka yangu alipoanguka na bodaboda kwenye lami ya Bagamoyo–Msata, mama ndiye aliyempeleka Dar es Salaam. Mimi nilibaki Msata kulinda nyumba na kusubiri simu. Ilipigwa jioni ya siku ya tatu.

"Mwanangu, kipimo hakifanyiki. Wanasema mashine imeishiwa helemu."

Nikadhani anazungumzia helmeti. Nikamjibu kwamba kaka alikuwa ameivaa, niliiona mwenyewe imepasuka pembeni. Akanyamaza, kisha akaniambia nisubiri amuulize tena nesi. Aliporudi alilitamka neno silabi moja moja, kama anayesoma jina la dawa: he-li-a-mu.

Mguu wa kushoto wa kaka ulikuwa na ganzi tangu kiunoni. Daktari alitaka picha ya MRI ya uti wa mgongo kabla ya kuamua kama apasuliwe au la. Mashine ilikuwepo, umeme ulikuwepo, mtaalamu wa kuiendesha alikuwepo amekaa. Kilichokosekana ni gesi ile ile inayojazwa kwenye maputo ya harusi. Tuliambiwa tusubiri, fundi anatoka nje ya nchi. Tulisubiri siku 19.

Nilisoma fizikia mpaka kidato cha sita na sikuwahi kujua kwamba sumaku inaweza kuwa na kiu. Siku zile 19 nilizitumia kwenye simu, nikisoma nikiwa nimekaa kwenye mabenchi ya hospitali au kwenye basi la Msata, nikijaribu kuelewa ni kitu gani hasa kilichokuwa kinatuchelewesha.

Ndani ya ile pete nyeupe ambayo mgonjwa husukumwa katikati yake, kuna kilomita nyingi za waya uliosukwa kwa niobiamu na titani. Mashine ya kawaida ina nguvu ya tesla 1.5, zaidi ya mara 40,000 ya sumaku ya dunia inayogeuza dira hapa pwani. Ukijaribu kupata nguvu hiyo kwa waya wa shaba wa kawaida, utahitaji umeme mwingi mno na waya utapata moto mkali. Waya wa niobiamu na titani hauna shida hiyo, kwa sharti moja: uwe na baridi ya takriban nyuzi 264 chini ya sifuri au zaidi. Hapo ukinzani wake unakuwa sifuri kabisa. Umeme ukishawashwa ndani yake unazunguka mwaka hadi mwaka bila kusukumwa. Na kitu kilichozoeleka kuushikilia waya katika baridi hiyo ni heliamu ya kimiminika, ambayo huchemka kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri.

Heliamu yenyewe ilionekana kwenye jua kabla ya kupatikana duniani. Agosti 18, 1868, jua lilipopatwa, kivuli kilipita Aden kikaenda India, na huko Mfaransa Jules Janssen akauchunguza mwanga wa ukingo wa jua. Kulikuwa na mstari wa njano usiolingana na kitu chochote kilichojulikana. Mwingereza Norman Lockyer alifuatilia mstari huo, na ile gesi ikapewa jina la jua kwa Kigiriki. Ilichukua mpaka 1895 ndipo William Ramsay alipoipata duniani, imejificha ndani ya jiwe lenye urani.

Aliyeigeuza kuwa kimiminika ni Mholanzi Heike Kamerlingh Onnes, katika maabara yake ya Leiden, Julai 10, 1908. Huwa napenda kuuweka mwaka huo kando ya mambo ya kwetu. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimezimwa mwaka mmoja nyuma. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilikuwa imeshafika Morogoro, na Bagamoyo, mwisho wa njia ya misafara, ilikuwa inapoteza kazi yake. Mwaka 1911 maabara ya Onnes ilipoza zebaki, ikapima ukinzani wake, na karibu na nyuzi 269 chini ya sifuri ukinzani ukatoweka ghafla, siyo kupungua taratibu kama wengi walivyotarajia.

Kwa nini? Jibu lililokubalika lilipatikana 1957, miaka 46 baadaye, kutoka kwa Wamarekani watatu, Bardeen, Cooper na Schrieffer. Nikilieleza kwa Kiswahili cha Msata, linakuwa hivi. Mchana, stendi ya Msata ina watu wanaopishana, wauza mayai, wauza maji, abiria wa Tanga na wa Arusha. Kila mmoja anakwenda kwake na kila mmoja anagongana na mwenzake. Ndivyo elektroni zinavyopita kwenye waya wa joto, zikigonga chembe za fuwele zinazotikisika, na ule mgongano ndio ukinzani. Sasa amka alfajiri usikilize kuruta wa Kihangaiko wakipita na mchakamchaka. Ni mamia ya watu, lakini hatua ni moja na wimbo ni mmoja. Mmoja hawezi kupunguza mwendo peke yake hata akitaka. Kwenye baridi kali elektroni huungana mbili mbili, na jozi hizo zote hushika hatua moja. Kikwazo kidogo hakiwezi kumsimamisha mmoja bila kuwasimamisha wote, kwa hiyo hakimsimamishi yeyote.

Onnes aliota kutengeneza sumaku kubwa kwa njia hiyo akashindwa, kwa sababu metali alizokuwa nazo zilipoteza uwezo huo mara tu sumaku ilipoanza kuwa na nguvu. Ilibidi kusubiri mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, ndipo michanganyiko yenye niobiamu ilipoonyesha kwamba inavumilia. Picha za kwanza za aina hii zilifuata miaka ya 1970.

Niobiamu, titani, heliamu. Ni siku ya kumi na moja au ya kumi na mbili, ndani ya basi, ndipo nilipoanza kutafuta vinatoka wapi.

Niobiamu ipo Panda Hill, kilima kilicho karibu na jiji la Mbeya, na wanajiolojia wameijua tangu enzi za mkoloni. Titani ipo kwenye mchanga mweusi wa pwani yetu, ule wa Fungoni kule Kigamboni na wa Tajiri upande wa Tanga. Heliamu ipo bonde la Rukwa. Juni 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Durham na Oxford, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba sehemu moja tu ya bonde hilo inakadiriwa kuwa na futi za ujazo bilioni 54. Ilisemwa kwamba ingetosha kujaza mashine za MRI zaidi ya milioni moja. Gesi hiyo imezaliwa na urani na thoriamu zinazooza polepole ndani ya miamba ya kale sana ya Tanzania, na joto la volkano za Bonde la Ufa ndilo lililoifungulia mlango. Mwaka 2024 uchimbaji wa kisima cha Itumbula ulithibitisha kwamba ipo.

Nilimwonyesha mama simu. Akauliza Rukwa ni mbali gani. Nikamwambia. Akasema, "Si mbali kuliko huko anakotoka fundi."

Sikuwa na la kumjibu, ingawa jibu lipo na si la siri. Mwamba wenye niobiamu si waya. Kati ya kilima cha Mbeya na ile pete nyeupe kuna viwanda ambavyo nchi chache tu duniani zinavyo. Pwani hii iliwahi kuuishi mfano wake. Karne ya 19, Wazaramo na wenzao wa nyuma ya Bagamoyo walichimba sandarusi, utomvu wa kale uliozikwa ardhini, ukapelekwa Zanzibar na kutoka huko mpaka Salem, Marekani, kutengenezewa vanishi ya magari ya farasi na samani. Kwa miaka mingi hata kuoshwa ilioshewa Salem. Sandarusi changa, iliyotoka mtini, watu wa huku waliiita chakazi. Wafanyabiashara wakasikia vibaya wakaandika "jackass", yaani punda. Kwa hiyo mama na helemu yake hakuwa wa kwanza kwenye ukanda huu kulikosea neno la bidhaa.

Ule mchanga mweusi nao naujua. Tulipokuwa watoto, likizo kwa shangazi Bagamoyo, kaka alikuwa na sumaku aliyoitoa kwenye spika iliyokufa, akawa anaiburuta ufukweni ikiota ndevu nyeusi. Nyingine zilishika sana. Nyingine zilishika kivivu, zikadondoka ukitikisa mkono. Nadhani zile za kivivu ndizo zilizokuwa ilmenaiti, madini yenye chuma na titani katika fuwele moja. Fuwele hiyo ina tabia ya ajabu ikipozwa. Kwenye takriban nyuzi 215 chini ya sifuri, chembe zake za chuma hujipanga safu kwa safu, safu moja sumaku zake zikielekea juu, inayofuata zikielekea chini, na kwa ujumla zinafutana. Ndani kuna utaratibu mkali, nje huoni chochote. Hata naitrojeni ya kimiminika haitoshi kuionyesha tabia hiyo, maana inaishia nyuzi 196 chini ya sifuri.

Naitrojeni hiyo wafugaji wa kwetu wanaifahamu, ni ile iliyo kwenye mitungi ya mbegu za ng'ombe kutoka kituo cha uhimilishaji cha Usa River, Arusha. Mwaka 1986, Bednorz na Müller, kule Zürich, waligundua kauri zenye shaba zinazopitisha umeme bila ukinzani kwenye joto lisilofikiriwa kabla. Mwaka uliofuata ikapatikana moja ambayo baridi ya mtungi wa mbegu inaitosha. Wengi waliamini heliamu imeshapitwa na wakati. Lakini kauri hupasuka na ni vigumu kuivuta iwe waya mrefu, na mpaka leo sumaku nyingi za hospitali bado ni niobiamu na titani. Kilichobadilika ni kiasi. Mashine za kawaida hubeba lita 1,500 hivi za heliamu, na sasa zipo mpya zilizozibwa kabisa zinazotumia takriban lita 7. Inawezekana heliamu ya Rukwa ikaingia sokoni hospitali zikiwa haziihitaji kama zamani.

Fundi alipofika alinieleza kilichotokea, kwa Kiingereza cha haraka huku akikunja nyaya. Mtambo wa kupoza ulikuwa umezimika, hakuna aliyejua kwa muda, na sumaku ikapata joto kidogo. Basi. Waya ukarudisha ukinzani wake, ukachemka ndani, na heliamu yote ikatoka kwa kishindo kupitia bomba la juu ya paa. Lita moja ya kimiminika hutoa zaidi ya lita 700 za gesi. Hairudi. Ni nyepesi mno, hupanda mpaka dunia inashindwa kuishika.

Siku ya 19 walimwita kaka. Ganzi ilikuwa imeshuka mpaka gotini, na daktari alisema hiyo ni dalili njema, ila kuchelewa hakukuwa na wema wowote. Mtaalamu alimvua mkanda, akamtoa sarafu mfukoni, akaanza maswali ya karatasi yake. Una kifaa cha moyo? Umewahi kupasuliwa? Una chuma chochote mwilini?

Kaka akanitazama mimi, siyo yeye.

"Chuma hapana," alisema. "Labda mchanga wa Bagamoyo."

Mtaalamu hakucheka. Alimwambia avue na viatu.