Shilingi Mbili Zilizolingana Kwenye Karatasi

Mazungumzo ya uchumi yakipamba moto, hakosi mtu wa kusema: enzi za Mwalimu Nyerere shilingi yetu ilikuwa sawa na ya Kenya, akaja Rais Mwinyi akaiua. Nimelisikia dai hilo kwenye vikao vya kahawa, na nimelisikia kwa wasomi vilevile. Safari hii niliamua kurudi kwenye majedwali ya wastani wa kila mwaka wa bei rasmi ya dola, ambayo wengi huyataja bila kuyafungua.

Majedwali yanampa mdai nguvu kuliko anavyojua. Mwaka 1982 dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi 9.3 hivi za Tanzania na 10.9 za Kenya. Maana yake shilingi ya Tanzania ilikuwa juu ya ile ya Kenya. Mwaka 1985, Mwalimu alipong'atuka, zilikuwa 17.5 kwa 16.4. Kisha 1987 ya Tanzania ikawa 64, ya Kenya ikabaki 16 na ushei. Anayeishia hapo atamtia Mwinyi hatiani papo hapo, na atakuwa amemhukumu asiye na kosa.

Chimbuko la usawa huo linajulikana. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London mwaka 1919, shilingi hatimaye ikachukua nafasi ya rupia, na Zanzibar ikajiunga 1936. Mwaka 1966 Tanzania, Kenya na Uganda zilifungua kila moja benki kuu yake, lakini shilingi zote tatu zilianza na thamani ileile, 7.14 kwa dola. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1967 ulitaka noti za nchi moja zibadilishwe katika nchi nyingine kwa thamani rasmi bila kutozwa kamisheni. Hata Oktoba 1975, shilingi zilipoachana na dola na kufungwa kwenye kapu la fedha la Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) liitwalo SDR, zilihama pamoja. Lakini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 udhibiti wa fedha za kigeni ulikuwa umeanza kuzitenga, na Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Tangu siku hiyo usawa wa shilingi mbili haukuwa na mahali pa kupimwa.

Hapa ndipo anapoingia Edwin Mtei, mtu ambaye historia yetu ya fedha haijamtendea haki. Alikuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania, kisha Katibu Mkuu wa Jumuiya hadi ikamfia mikononi, kisha Waziri wa Fedha kuanzia 1977. Mwaka 1979 alikuta hazina imekauka. Vita dhidi ya Idi Amin vilikuwa vimemeza mamia ya mamilioni ya dola, mafuta yalikuwa yamepanda, bei ya kahawa ilikuwa imeshuka baada ya neema ya 1977. IMF walikuja na masharti, kushusha shilingi likiwa mojawapo, na Mtei aliona mazungumzo hayo yana njia ya kutokea. Mwalimu alikataa. Desemba mwaka huo Mtei akajiuzulu. Siku ya mwaka mpya wa 1980, mbele ya mabalozi, Mwalimu aliuliza ni nani aliyeifanya IMF kuwa Wizara ya Fedha ya dunia nzima.

Swali lile lilikuwa la haki, na bado ni la haki. Masharti yalikuwa makali, na nchi maskini haikuwa na kura ya maana ndani ya chombo kile. Lakini hoja kwamba kuishikilia shilingi juu kulimlinda mnyonge siikubali. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro aliuza kwa mamlaka ya serikali, na dola zilizopatikana nje ziligeuzwa shilingi kwa bei rasmi iliyokuwa ndogo mno. Vyama vyake vya ushirika vilikuwa vimevunjwa 1976, kwa hiyo hakuwa na wa kumsemea. Kahawa ikaanza kupita usiku kuelekea Taveta, na kwa njia hizohizo zikarudi sabuni na mafuta ya kupikia. Magendo yale yalibeba bei ya kweli ya shilingi, ambayo jedwali halikuiandika.

Kenya, wakati huohuo, ilishusha shilingi yake mara mbili ndani ya 1981. Ndiyo sababu ya muujiza wa 1982: Kenya ilikuwa imekiri udhaifu wake, Tanzania haijakiri. Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi. Walanguzi wakakamatwa, bidhaa zikazidi kuadimika. Novemba mwaka huo mpaka ukafunguliwa. Katika bajeti ya 1984, iliyosomwa na Cleopa Msuya, shilingi ikashushwa kutoka 12 hivi hadi 17 kwa dola, Mwalimu akiwa bado Ikulu. Wanaomlaumu Mwinyi huuruka mwaka huo. Hata hivyo, kwa walanguzi dola iliendelea kuuzwa mara kadhaa ya bei rasmi, na makubaliano ya serikali ya Mwinyi na IMF ya 1986 yaliandika kwenye vitabu anguko lililokwisha kutokea mitaani.

Yaliyofuata ni mepesi kueleza. Maduka ya kubadilisha fedha yaliruhusiwa Tanzania 1992. Kenya ikapata msukosuko wake 1993, wakati wa kashfa ya ufisadi ya Goldenberg, na tena Januari 2024 dola ilipofika shilingi 160. Leo shilingi moja ya Kenya ni kama 20 za Tanzania. Wanaodhani hiyo ina maana Kenya ni tajiri mara 20 wamechanganya hesabu ya noti na hesabu ya mali.

Itifaki ya sarafu moja ilitiwa saini Kampala Novemba 2013. Lengo lilikuwa 2024, sasa ni 2031, na wataalamu watarudi kwenye majedwali yaleyale niliyoyafungua mimi. Kwa hiyo nawaomba wazee wa Namanga, Taveta, Holili, Sirari na Horohoro: mwenye daftari la duka la miaka ya 1977 hadi 1985, lililoandikwa bei ya sabuni, sukari au noti ya Kenya, asilichome. Alipeleke kwenye nyaraka za taifa, au ampe mjukuu anayesoma historia.