Nani Hujibu Tanuri Likishindwa? Ufipa na Mjadala wa Akili Mnemba

Katika maandishi ya maadili ya akili mnemba barani Afrika kuna dai lililoshika kasi: Magharibi ilimfafanua mtu kwa akili, Afrika ikamfafanua kwa uhusiano wake na wenzake; kwa hiyo mashine inayofikiri inawatikisa wao, sisi tumeshajikinga na ubuntu. Sabelo Mhlambi aliipa hoja hiyo sura makini mwaka 2020. Waliomfuata wameirahisisha kupita kiasi, na leo inatajwa kana kwamba haihitaji ushahidi. Ninaikataa, na sababu zangu zinatoka Ufipa, nchi ya Wafipa kusini-magharibi mwa Tanzania.

Kuhusu upande wa Magharibi hakuna haja ya kurefusha. Descartes alishikilia mwaka 1637 kwamba mashine haitaweza kupanga maneno ili ijibu kila inaloambiwa. Turing, mwaka 1950, akaligeuza jambo hilohilo kuwa kipimo. Searle akajibu mwaka 1980 kwamba kupanga alama ni jambo moja na kuelewa ni jingine. Wote watatu wanalitafuta jibu ndani ya kichwa.

Ugomvi wangu ni na wa kwetu. Padre mmisionari Placide Tempels aliishi na Waluba wa Katanga, ng'ambo ya ziwa letu, Tanganyika, na mwaka 1945 akatangaza falsafa ya Wabantu wote. Tangu hapo jamii moja imekuwa ikibebeshwa bara zima. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, alikwenda kinyume: katika kitabu chake cha mwaka 1974 aliwaweka Wanuer, Walele na Wafipa sambamba, akaonyesha namna tatu tofauti za kumweka mtu mbele ya mnyama. Tena katika makala yake ya mwaka 1967 kuhusu kichwa na kiuno, Wafipa wanaonekana wakikipa kichwa, yaani akili na mamlaka, nafasi ya juu. Anayesema akili ni kigezo cha Wazungu peke yao hajafika Milansi, makao ya kale ya utawala wa Wafipa.

Lakini ushahidi ninaoutegemea zaidi ni chuma. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda alitambua katika eneo hili teknolojia tatu za kuyeyusha chuma: malungu, katukutu na Barongo. Malungu ndiyo yanayojulikana zaidi: matanuri marefu ya udongo, mengine yakikaribia mita 3, yaliyovuta hewa yenyewe kupitia mirija ya udongo chini, bila mtu kuvukuta. Kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri dogo, kintengwe, ambalo ndilo lililotumia mivukuto. Uwiano wa mawe ya chuma na mkaa, uchaguzi wa udongo, ukubwa wa matundu ya hewa: yote haya ni hesabu, na sioni kwa nini mashine isiweze kujifunza. Wanaoitetea hadhi ya mtu kwa kudai kwamba maarifa ya wahenga hayahesabiki wanajenga juu ya mchanga.

Sasa tazama miiko. R. Wise alieleza mwaka 1958 taratibu za kiibada za kazi hii. Dawa ziliwekwa tanurini, tanuri likatendewa kama bibi harusi atakayezaa, na wayeyushaji wakajinyima unyumba kipindi cha kazi. Wengi wameisoma miiko hiyo kama ishara za uzazi, na hawakukosea. Mimi naiona pia ikifanya kazi nyingine: ilimfunga fundi kwenye matokeo. Chuma kisipopatikana, swali halikuishia kwenye mkaa. Lilimfikia yeye, mwili wake na mwenendo wake. Aliweka rehani kitu alichoweza kukipoteza. Akili mnemba inaweza kuwa na ujuzi wote wa fundi, ila haina cha kujinyima wala cha kupoteza, na kwa hiyo haina namna ya kuwa na hatia. Hapo ndipo ninapouona mpaka wa utu. Uhusiano wenyewe hautoshi kuuweka, maana programu za leo zinafariji, zinashauri na kuzungumza na watu usiku kucha.

Nitapingwa kwamba miiko ilikuwa pia silaha: katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki na Kati tanuri likishindwa, wake ndio waliosingiziwa uzinzi. Ni kweli, na ni dhuluma. Lakini dhuluma hiyo inahusu kumtwisha lawama asiyehusika, na leo inatendwa kila tunaposikia kwamba “mfumo ndio umekataa” mkopo au jina la mtu.

Hoja hii inatugusa sisi wa mwambao. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, uvuvi katika Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania ulifungwa ili samaki wazaliane. Mvuvi wa Kirando aliyeanika nyavu miezi mitatu alijua wa kumuuliza: serikali yake, waziri wake, ofisa uvuvi wake. Siku hesabu ya kufunga ziwa itakapofanywa na akili mnemba, huenda ikawa sahihi zaidi. Je, nani atasimama Kirando kuijibia?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeshampa Mtanzania haki kuhusu maamuzi yanayofanywa na mitambo peke yake. Nawasihi wanaotunga kanuni na sera za akili mnemba nchini waongeze sharti moja: kila uamuzi wa namna hiyo ubebe jina la mtu, mwenye cheo cha kupoteza, atakayewajibika ukikosewa.