Kivuli Kinachobebeka: Hema, Turubai na Shitingi katika Bonde la Ruzizi

1. Utangulizi

Historia ya makazi katika nchi za Kiswahili imeandikwa zaidi kuhusu vitu visivyohama: misikiti ya mawe, nyumba za udongo, barabara zilizopandwa miembe. Kivuli nacho, kinapotajwa, huwa ni kivuli cha mti au cha baraza, mahali ambapo wazee huketi na maneno hupata uzito. Makala haya yanachunguza kivuli cha aina nyingine, yaani kile kinachokunjwa, kikafungwa kamba, kikabebwa na kutandazwa upya penginepo. Eneo la uchunguzi ni bonde la Ruzizi, kaskazini ya Ziwa Tanganyika, na hasa Luberizi, kwenye barabara ya Uvira hadi Bukavu, baina ya Sange na Luvungi.

Hoja inayotetewa hapa ni moja. Kwa muda mrefu, aliyebeba kivuli hicho hakuwa yule aliyekaa chini yake. Mabadiliko ya majina, kutoka hema hadi turubai, bashe na shitingi, yanaonyesha jinsi uhusiano huo wa mbebaji na mkaaji ulivyogeuka, na gharama iliyolipwa ili ugeuke.

Mazingira yenyewe yanaeleza kwa nini jambo hili si dogo. Bonde limebanwa kati ya milima ya Mitumba upande wa magharibi na mto Ruzizi upande wa mashariki. Hupata mvua chache kuliko milima inayolitazama, na miti mikubwa ni haba. Kwa kuwa Luberizi iko karibu nyuzi 3 kusini ya ikweta, jua la adhuhuri huelemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Asubuhi hutokea upande wa Burundi likipiga bonde zima bila kizuizi. Jioni hujificha mapema nyuma ya milima. Kivuli kisichoweza kugeuzwa hufaa kwa saa chache tu, au kwa miezi michache ya mwaka.

2. Ushahidi wa msamiati

Neno la asili ni mwavuli. Mzizi wake, -vuli, ndio ule ule wa kivuli. Mwavuli basi ni kitu kinachotajwa kwa kazi yake na si kwa umbo lake. Maneno mengine karibu yote yalisafiri. Hema lilitoka katika Kiarabu. Chandarua lilitoka upande wa Bara Hindi, na historia yake inastahili kutazamwa. Katika kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa 1939 chini ya uhariri wa Frederick Johnson, neno hilo lilihusu kitambaa kinachotandazwa juu kama paa, pamoja na neti ya kuzuia mbu. Leo maana ya pili imeimeza ya kwanza. Aidha, sauti ya mwanzo ya neno imewafanya wasemaji waliingize katika ngeli ya ki-vi, hata wingi wake ukawa vyandarua, kama vile kitabu cha Waarabu kilivyozaa vitabu.

Turubai ni mtoto wa mabaharia. Asili yake ni neno la Kiingereza ambalo wataalamu wengi hulieleza kuwa liliunganisha lami na kifuniko: kitambaa kizito kilichopakwa lami ili maji yasipenye. Si ajabu kwamba bahari ndiyo iliyolizaa. Ufundi wa tanga na ufundi wa kivuli ni ndugu, kwani vyote viwili hutaka nguo, kamba, nguzo na mikono inayojua upepo. Huko Roma, mabaharia wa majeshi ya majini ndio wanaosimuliwa kuwa walikabidhiwa kazi ya kukunjua na kukunja kitambaa kikubwa kilichowakinga watazamaji katika uwanja wa Colosseum, uliofunguliwa mwaka 80. Katika Kiswahili chenyewe, matanga ni nguo za jahazi, na matanga ni siku za maombolezo.

Mashariki ya Kongo, turubai lilikuta mshindani. Kifaransa cha utawala wa Kibelgiji kilileta bashe, na ndilo jina linalosikika zaidi Uvira na Bukavu. Mwishoni mwa karne ya 20 likaongezeka shitingi, kutoka Kiingereza cha mashirika ya misaada, kwa maana ya karatasi ngumu ya plastiki.

Vitenzi vinavyofuatana na majina haya vinafundisha zaidi kuliko majina yenyewe. Hema hupigwa na kung'olewa. Tanga hutwekwa na kutuliwa. Turubai hufunika mzigo. Shitingi, kwanza kabisa, hugawiwa: mtu husema amepewa shitingi kabla hajasema ameitandaza. Mtendaji wa kitenzi hicho cha kwanza yuko mbali, mara nyingi hata hatajwi.

3. Hema la msafara

Misafara ya karne ya 19 ndiyo iliyoleta hema katika mwambao wa ziwa kama kitu cha kila siku. Richard Burton na John Speke walifika Ujiji Februari 1858. Mwezi Aprili walipanda ziwa kwa mitumbwi hadi Uvira, wakitafuta mto ambao walitumaini unatoka ziwani kwenda kaskazini. Huko Uvira wakaambiwa kwamba Ruzizi huingia ziwani. Novemba 1871, David Livingstone na Henry Stanley walikwenda kulithibitisha jambo hilo kwa macho, wakaona kwamba wenyeji walikuwa wamesema kweli.

Katika safari hizo hema lilikuwa alama ya cheo kabla ya kuwa kinga. Mpagazi alibeba mzigo uliokaribia kilo 30, na miongoni mwa mizigo hiyo zilikuwamo nguo na nguzo za hema ambalo hakulala ndani yake. Yeye na wenzake walijenga vibanda vya matawi na nyasi katika kambi. Merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kilichopata jina lake kutoka Marekani, ilikuwa fedha ya njiani. Nguo ambayo ingeweza kumpa mpagazi kivuli ilikuwa begani mwake kwa ajili ya kulipia hongo na chakula.

Hata hivyo, hema lilikuwa kivuli dhaifu. Machi 1858, Speke alipokuwa akivuka ziwa kuelekea Kasenge, tufani ililitikisa na kulivuruga hema lake kisiwani Kivira. Alipowasha mshumaa ili apange vitu vyake, mbawakawa walivutwa na mwanga, na mmoja akamwingia sikioni. Maumivu na uziwi vikamwandama kwa miezi mingi. Kibanda cha nyasi, kilichodharauliwa, kilistahimili upepo wa ziwa vizuri zaidi kuliko nguo iliyobebwa kutoka pwani.

4. Tipoi na lori

Chombo cha kwanza chenye kivuli kilichopita katika sehemu nyingi za Kongo hakikuwa na magurudumu. Kilikuwa tipoi, kiti au machela iliyobebwa mabegani na watu wanne au zaidi, mara nyingi ikiwa na kitambaa juu yake kumkinga afisa, mmisionari au mgonjwa. Hapa uhusiano unaochunguzwa ulikuwa wazi mno: kivuli kilitembea kwa miguu ya watu waliokuwa juani.

Barabara ilipoanza kuchukua nafasi ya bega, kivuli kilihamia kwenye lori. Bashe la lori hutandazwa juu ya matao ya chuma na kukazwa kwa kamba kwenye ubavu wa gari. Huinuliwa pembeni hewa ipite, hushushwa mvua ikianza. Lakini lilikusudiwa mali. Kilimo cha lazima kilianzishwa katika Kongo ya Kibelgiji mwaka 1917, na bonde la Ruzizi likawa mojawapo ya maeneo ya pamba. Pamba ikilowa huharibika, kwa hiyo marobota yalifunikwa. Mkulima aliyeivuna alirudi nyumbani kichwa wazi. Nyuzi za shamba lake zilikwenda viwandani, na nguo ngumu iliyofumwa kwa nyuzi za namna hiyo ilirudi bondeni ikiwa mali ya mwenye gari.

Abiria walijipenyeza chini ya kivuli hicho bila kualikwa. Kusafiri juu ya mizigo, mgongo ukiinua bashe, kulikuja kuwa desturi ya barabara ya Uvira. Inafaa kusisitizwa kwamba hapo ndipo matumizi ya wenyeji yalipoanza kukigeuza kitu hicho kutoka kifuniko cha mali kuwa paa la watu.

5. Shitingi

Tarehe 21 Oktoba 1993 rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na Warundi wengi walivuka Ruzizi. Mwaka 1994 wakafuata Wanyarwanda. Kambi zilitanda kutoka Kagunga na Runingu hadi Luvungi na Lubarika, na Luberizi ikawa mojawapo. Kufikia 1996 wakimbizi katika eneo la Uvira walizidi 200,000.

Kwa watu hao wote kivuli kilikuwa cha namna moja: karatasi ya plastiki iliyofumwa, yenye jina la shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Kipimo chake kilichozoeleka ni mita 4 kwa mita 5, na uzito wake haupiti sana kilo 4. Turubai la pamba huongezeka uzito likilowa na huoza likikunjwa bichi. Shitingi haina tabia hizo. Mwanamke mmoja aweza kuikunja, kuijitwisha na kuondoka. Vibanda vya fito vilivyofunikwa kwayo viliitwa blinde, kwa neno la Kifaransa la gari la vita lenye deraya. Mzaha huo ulikuwa mchungu: deraya yenyewe ilikuwa plastiki isiyozuia hata jiwe.

Oktoba 1996 vita vilifika bondeni. Kambi za Luberizi na Rwenena zilishambuliwa, mamia ya wakimbizi wakauawa, na waliosalia wakatawanyika. Wengi waliokimbilia misituni walichukua sufuria na shitingi. Kwa mara ya kwanza katika historia inayosimuliwa hapa, aliyebeba kivuli ndiye aliyelala chini yake. Usawa huo haukuletwa na haki bali na msiba, na jina la mgawaji lilibaki limeandikwa juu ya paa.

6. Soko na kilio

Shitingi haikubaki kambini. Iliuzwa, ikabadilishwa kwa unga, ikakatwa vipande. Katika masoko ya bonde huonekana juu ya meza za samaki wakavu na mihogo, ikishikwa na fito mbili za mbele zinazohamishwa kadiri jua linavyohama. Muuzaji huishusha upande wa mashariki asubuhi, huiinua adhuhuri, na jioni, mlima unapotoa kivuli cha bure, huikunja aende nayo. Kwenye kilio, kabla hata viti havijaazimwa, jirani hutafuta bashe la kuwakinga waombolezaji. Hapo kivuli kinachobebeka kimepata mwenyewe: anayekibeba anakikalia, na huwaita wengine wakae naye.

Tabia ya umilikaji huo, hata hivyo, ni kuvunjika ghafla. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika Uvira. Watu wakafa, maelfu wakakosa nyumba, na mashirika yakagawa tena shitingi. Februari 2025, vita viliposogea kusini ya Bukavu, makumi ya maelfu ya Wakongo walivuka Ruzizi kuingia Burundi, na wengi wao walilala katika uwanja wa michezo wa Rugombo. Walivuka mto ule ule waliouvuka Warundi mwaka 1993, wakielekea upande wa pili.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba majina ya kivuli kinachobebeka katika bonde la Ruzizi yamepangana kama tabaka za udongo: la Kiarabu na misafara, la mabaharia na bidhaa, la Kifaransa na utawala, la Kiingereza na misaada. Kila tabaka lilikuja na mtu aliyebeba na mtu aliyekaa. Wanafunzi wa msamiati wamezoea kuuliza neno limetoka wapi. Mifano ya Luberizi inadai swali la pili liulizwe pamoja na hilo: neno hilo lilifika mgongoni mwa nani? Kamusi itakayoandika kwamba shitingi ni karatasi ya plastiki itakuwa imesema kweli, lakini itakuwa imemwacha nje, juani, yule aliyeibeba.