Kafala: Udhamini Unaomfunga Anayedhaminiwa

Habari za wanawake wa Afrika Mashariki wanaokwenda Ghuba kufanya kazi za ndani zinapoandikwa kwa Kiswahili, neno kafala mara nyingi hufasiriwa kuwa “mfumo wa udhamini”. Kikamusi, hakuna kosa. Lakini mdhamini tunayemjua ni yule anayemlipia mwanafunzi karo, au ndugu anayesimama mahakamani ili mshtakiwa akae nje kesi ikiendelea. Anayedhaminiwa hivyo hupata nafasi. Anayeingia kwenye kafala hufungwa kwa mwajiri mmoja, na tafsiri inalificha hilo.

Kwa asili, neno lenyewe ni la heshima. Katika sheria ya Kiislamu, kafala ni kumdhamini mdaiwa, na pia ni kumlea yatima bila kumbadilishia nasaba. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unaitaja kwa jina katika ibara ya 20. Kafala ya ajira ni jambo jingine: ilipanuka pamoja na uchumi wa mafuta, serikali zilipomkabidhi raia au kampuni jukumu la kumsimamia mgeni.

Msimamizi huyo huitwa kafili. Viza na hati ya ukaazi, iqama, vimefungwa kwake. Kwa sura yake ya zamani, mfumo huu haumruhusu mfanyakazi kubadili mwajiri wala kuondoka nchini bila idhini ya kafili. Akikimbia kipigo au mshahara usiolipwa, kafili anaweza kuripoti kwamba ametoroka. Kuanzia hapo anahesabiwa mkosaji wa sheria za uhamiaji.

Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, unasema katika ibara ya 9 kwamba mfanyakazi wa nyumbani ana haki ya kushika mwenyewe hati zake. Hata hivyo, ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 kuhusu Watanzania waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu ilieleza pasipoti zilizochukuliwa na waajiri, saa za kazi zisizo na kikomo, mishahara iliyozuiwa, vipigo na udhalilishaji wa kingono.

Afya nayo imo ndani ya kifungo hicho. Anayeugua huhitaji ruhusa ya kutoka nyumbani, na hati ya ukaazi ambayo mwajiri ameihuisha. Aliyebakwa akapata mimba ana hofu ya ziada, kwa sababu uhusiano nje ya ndoa ni kosa la jinai Saudi Arabia. Anaweza kuogopa kwenda kliniki na polisi pia, kisha akahangaika kumpatia mtoto cheti cha kuzaliwa.

Ndiyo maana kichwa cha habari kinachosema “kafala yafutwa” kisomwe kwa uangalifu. Mwaka 2020 Qatar iliondoa sharti la kibali cha kutoka nchini hata kwa wafanyakazi wa nyumbani, na baadaye ikaondoa sharti la idhini ya mwajiri kwa anayetaka kubadili kazi. Mageuzi ya Saudi Arabia yaliyoanza Machi 2021 yaliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani. Kilichofutwa ni kipande kipi, na kwa nani?

Kwa mwandishi wa Kiswahili, njia bora ni kuliacha neno kafala kama lilivyo na kulieleza mara ya kwanza: mfumo unaofunga kibali cha ukaazi kwa mwajiri. Wakenya walioko Saudia tayari wamelichukua neno kadama, yaani mtumishi wa ndani, kutoka Kiarabu, kwa hiyo kafala halitawashinda. Wakala anayeandikisha wasichana Mombasa au Kampala naye amsomee kila mmoja, kwa lugha anayoielewa, majibu ya maswali manne kabla hajatia saini: pasipoti atakaa nayo nani, iqama itahuishwa na nani, anaweza kubadili mwajiri kwa masharti gani, na akitaka kurudi nyumbani anahitaji idhini ya nani.